Wacheni Kutuuzia Trela: Dandora Tulianza Kama Kempu

Wasee, leo niko na hasira kidogo, kwa hivyo mnivumilie.

Wiki mbili zilizopita mbogi yetu ilikuwa imepanga kwenda Hell's Gate. Watu wanane. Tarehe ilikuwa imekubaliwa, msee wa kushika doo alikuwa amechaguliwa, hata yale mabishano ya nani atabeba sufuria kubwa yalikuwa yameisha. Halafu mtu mmoja akatuma kwa grupu video ya jamaa fulani wa kempu. Jamaa amesimama kando ya trela safi, rangi ya mchanga, ina jiko la kuvuta kama droo, friji, tangi la maji, na hema linalofunguka juu yake kama mwavuli. Anahesabu kwa vidole vitu ishirini na tano, halafu anamalizia kwamba kama huna hivyo vitu, usijaribu, utateseka.

Nilikaa nikapiga hesabu ya vile ishirini na vinne vingine, nikiacha trela yenyewe. Jumla ilipita kodi ya mwaka mzima ya keja yetu.

Kufikia jioni grupu ilikuwa imenyamaza. Mmoja akasema tungoje kwanza tuomoke. Mwingine akasema hawezi kwenda kuaibika na tenti ya mitumba mbele ya watu wa Prado. Wanane wakawa watatu. Safari ikafa, na hakuna aliyeiua isipokuwa video ya dakika nne.

Sasa mimi nasema hivi, na nitasimama hapo: trela haikufundishi kulala nje. Anayekuambia lazima uwe nayo anakuuzia trela, ama anakuuzia picha yake. Na sisi watu wa Dandora ndio wa mwisho kabisa Nairobi wanaopaswa kuuziwa hiyo stori.

Kwa nini? Ju Dandora yenyewe ilianza kama kempu.

Uliza wazee wa Phase 1. Mwaka wa 1975 serikali, Baraza la Jiji na Benki ya Dunia walianzisha mradi wa ploti kama 6,000 hapa. Hawakuwajengea watu mtaa mzima halafu wakawapa funguo. Walipima ploti, wakaleta barabara na maji, wakaweka choo na bafu, halafu mwenye ploti akaambiwa: hapo sasa, jijengee. Watu wakaingia na mabati, mbao na mawe kidogo kidogo, chumba kimoja leo, kingine mwaka ujao. Soma hiyo tena polepole. Kipande cha ardhi kilichopimwa, mfereji, choo, na wewe unakuja na paa lako. Kempu ya kulipia ni hiyo hiyo! Nyanya zetu walifanya hiyo kazi na watoto mgongoni. Leo mjukuu anaogopa kulala siku mbili Naivasha ju hana friji ya kuchomeka kwa gari.

Najua kuna upande wa pili wa hii stori. Mathe aliposikia naenda kulala kwa tenti, aliweka mwiko chini akaniangalia.

"Wewe mtoto, mimi nilihangaika miaka hii yote mlale kwa nyumba ya mawe. Sasa unalipa pesa ulale nje?"

Sikumjibu haraka, ju ako na pointi. Kuna watu Nairobi wanalala kwa turubai si kwa kupenda, na hakuna kitu cha kuchekesha hapo. Lakini nilimwambia, "Mama, mimi nataka tu siku mbili za kupumua hewa haina moshi." Hapo akanyamaza. Sisi tunaoishi karibu na dampo hatuhitaji kuelezewa moshi. Kukiwa na anga safi asubuhi, kutoka juu ya ghorofa yetu, kati ya kamba za nguo, unaona Kilimambogo imekaa kule upande wa Thika. Nimeuona huo mlima tangu nikiwa mdogo. Nilifika miaka ishirini bila kuukanyaga. Si ju ni mbali. Ni ju niliamini ni ya watu wa magari makubwa.

Hiyo ndiyo inaniuma kuhusu hizi video. Hazisemi tu "nunua hiki." Zinamwambia kijana wa Eastlands kwamba msitu, ziwa na mlima vina mlango, na mlango huo una ukubwa wa trela.

Sawa. Tuwe wa haki. Trela si kitu kibaya. Kama uko na watoto wadogo watatu na mnaenda Chalbi ama Turkana wiki mbili, mahali maji ni ya kutafuta, trela ni akili. Lakini tuifungue tuone inafanya kazi gani hasa. Mimi naona nne: inakuinua kutoka kwa baridi ya chini, inakupa paa, inakupa jikoni, na inabeba maji na mizigo. Basi. Sasa twende moja moja, tuone kama mtaa hauna jibu.

Ya kwanza, baridi. Watu hununua blanketi tatu, wanajifunika juu kama mandazi, na bado wanatetemeka usiku mzima. Halafu wanasema kempu ni mateso. Buda, baridi mbaya haitoki juu, inatoka chini. Ardhi inanyonya joto la mwili wako usiku kucha, na blanketi unayolalia imebanwa na uzito wako, haina hewa ndani, kwa hivyo haikusaidii. Trela inakuinua tu kutoka kwa hiyo ardhi. Wewe unaweza kufanya hivyo kwa katoni mbili za friji zilizofunguliwa, juu yake gunia, juu yake kipande cha godoro la sponji ama ule mkeka wa sponji wa mazoezi. Kama una blanketi mbili, moja iende chini, moja juu. Hapo tu umemaliza nusu ya shida. Na usilale na nguo ulizotembea nazo mchana, ju ziko na jasho, na jasho ni maji. Beba soksi kavu na kofia ya sufu za kulala peke yake, zikae kwa mfuko hadi usiku.

Kumbuka pia unapanda. Ukipanda mita 1,000, joto hushuka kama nyuzi sita hivi. Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na kilele cha Kilimambogo ni mita 2,145. Hiyo jaketi unayoona ni ya kujishaua hapa mtaani mwezi wa saba, kule utaishukuru.

Ya pili, paa. Tenti za mitumba ziko Gikomba, na begi za kulalia pia ziko. Yangu ya watu watatu nilinunua 2,500 baada ya kubishana hadi koo ikauma. Lakini usinunue tenti ikiwa imekunjwa. Mwambie muuzaji aifungue yote. Angalia zipu kwanza, ju zipu mbovu ni usiku wa mbu na baridi. Angalia kama ina kifuniko cha pili cha mvua juu. Tenti ya ngozi moja isiyo na kifuniko ni ya kucheza watoto sebuleni. Angalia vyuma vyake: kama kimoja kimepasuka, si mwisho wa dunia, kata kipande cha bomba jembamba ukivishe hapo penye ufa, ufunge na seloteki.

Mambo yatakayokosa ni vigingi. Tenti ya mitumba karibu kila mara inakuja bila vigingi. Nenda Kariobangi Light Industries, fundi wa kuchomelea atakukatia vipande kumi vya chuma cha nondo nyembamba na kuvipinda kichwa kwa pesa ya chai. Vitakuwa vizito kuliko vya duka, na havitapinda kwa ardhi ngumu.

Ukifika nyumbani, isimamishe juu ya ghorofa. Halafu mwaga ndoo mbili za maji juu yake huku rafiki akiwa ndani. Akitoka mkavu, mko sawa. Akitoka amelowa, mmejua pale panapovuja mkiwa na nafasi ya kupaka gundi ya silikoni, si saa nane usiku porini. Majirani watacheka. Wacha wacheke.

Na hii moja watu wengi huikosea: turubai ya chini. Usiiache ichomoze nje ya tenti. Ikichomoza inashika maji ya mvua na kuyapeleka chini ya mgongo wako. Ikunje iwe ndogo kidogo kuliko tenti yenyewe.

Ya tatu, jikoni. Hapa naomba mniskize vizuri ju hapa watu wanakufa. Usiingize jiko la makaa ndani ya tenti. Hata kama mvua inanyesha. Hata kama makaa yamebaki kidogo. Hata kama umeacha zipu wazi kidogo. Makaa yanatoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, na kwanza inakupa usingizi mtamu. Hapa mtaani kila msimu wa baridi tunasikia familia iliyolala na jiko ndani na haikuamka. Tenti ni ndogo kuliko chumba chochote cha Dandora. Safari yetu ya kwanza, mmoja wetu alikuwa tayari ameshika jiko anataka kulisukuma ndani "dakika tano tu tupate joto." Tulizozana hadi akakasirika akalala bila kutuaga. Asubuhi aliamka akiwa bado amekasirika. Mimi nikafurahi sana, ju aliamka.

Pika nje, mbali na kitambaa, kabla giza halijaingia. Na usipange menyu ya hoteli. Mchele na ndengu za kupikia huko huko, chapati za mathe, mayai ya kuchemshia huko huko, chai. Friji ya nini? Kwa siku mbili hakuna kitu unakula kinachohitaji friji isipokuwa umeamua kujisumbua. Nyama kuleni usiku wa kwanza.

Ya nne, maji na mizigo. Hapa ndipo trela inaonekana haina mpinzani. Hebu tupige hesabu. Mtu mmoja kunywa na kupika, weka lita tano kwa siku. Watu watano kwa siku mbili ni lita 50. Lita 50 ni kilo 50. Hakuna mtu anapanda matatu na hiyo. Kwa hivyo suluhisho si kubeba maji. Suluhisho ni kuchagua kempu yenye mfereji. Yaani kabla ya kuuliza "ni mahali pazuri pa picha?" uliza "kuna maji, na ni ya kunywa ama ya kuosha tu?" Piga simu uulize, halafu beba sufuria ya kuyachemsha. Hilo swali moja limechukua nafasi ya tangi la trela nzima.

Mizigo nayo gawa. Tenti moja ya watu watatu: mmoja anabeba kitambaa, mwingine vyuma na vigingi, wa tatu jiko na sufuria. Kila mtu ajibebee matandiko yake. Kama begi lako haliwezi kukaa kwa mapaja yako ndani ya matatu, umebeba sana. Kondakta atakulipisha kiti cha pili, na hapo atakuwa na haki.

Nimemaliza kazi nne za trela. Sasa nataka nikuambie kazi ya tano, ile kubwa kuliko zote, na ambayo hakuna trela duniani inaifanya. Kuchagua mahali pa kulala.

Safari yetu ya kwanza ilikuwa kempu moja huko upande wa Naivasha. Siitaji jina ju makosa yalikuwa yetu. Tulifika jioni, tumechoka, tukaona mahali pana nyasi laini ya kijani, pamebonyea kidogo kama kitanda. Pale pengine nyasi ilikuwa kavu na ngumu. Sisi hao kwa laini. Hakuna aliyejiuliza kwa nini hapo tu ndipo pako kijani.

Mvua ilikuja usiku wa manane. Kufikia saa tisa tulikuwa tumeketi tukiwa tumekumbatia mabegi, maji yakitembea chini ya tenti kama godoro la kuogelea. Nyasi ilikuwa kijani ju maji yote ya kile kiwanja huishia pale.

Lakini skiza sehemu tamu. Mita thelathini kutoka kwetu kulikuwa na mzee mmoja na Land Cruiser na trela yake, kila kitu. Alikuwa ameegesha kwa udongo mweusi, ule wa pamba, ju palikuwa na mwonekano mzuri wa ziwa. Asubuhi magurudumu ya trela yalikuwa yamezama hadi karibu katikati. Alijaribu kuvuta, gari nalo likaanza kuzama. Watu watano waliolowa kutoka Dandora ndio walikata matawi makavu, wakaweka chini ya matairi, wakasukuma. Mzee akatupikia chai ya maziwa kwa lile jiko la droo. Akatuambia, "Vijana, mimi ninakuja kempu mwaka wa kumi na mbili na bado sijajifunza kuangalia chini."

Mzee mwenye adabu. Na alisema yote. Kitanda chake kilikuwa kikavu, kweli. Lakini ardhi ilimwadhibu kama ilivyotuadhibu.

Kama unadhani hiyo ni stori yangu tu, kumbuka Mei 2024 kule Maasai Mara. Mto Talek ulivunja kingo zake, ukafunika kambi na loji zaidi ya kumi. Hizo si tenti za Gikomba, ni mahali usiku mmoja unaweza kulipa mshahara wa mtu wa mtaani. Watu waliokolewa, wengine kwa helikopta. Pesa ilinunua kitanda kizuri kando ya mto. Haikuuambia mto usije.

Na msimu huo huo, sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa tunaangalia Mto Nairobi ukipanda. Mathare, Mukuru na kwingineko kando ya mito watu walipoteza nyumba, wengine maisha, halafu serikali ikaja kubomoa kila kilichokuwa ndani ya mita 30 za mto. Mtoto wa Eastlands anajua mto ukibadilisha rangi na kuanza kubeba takataka za juu, unatoka. Huo ni ujuzi. Jamaa wa video hana.

Kwa hivyo sheria zangu za kuchagua mahali ni hizi, na hazigharimu kitu.

Usilale kwa njia ya maji hata kama ni kavu. Korongo kavu ni mto unaopumzika. Hell's Gate, mwezi wa nne 2012, vijana saba wa kundi la kanisa walifariki maji yalipoingia kwa korongo ghafla. Septemba 2019 ikatokea tena, watu saba. Mvua inaweza kunyesha mbali, wewe ulipo jua linawaka, na maji yakakupata. Renja akisema korongo limefungwa leo, usibishane naye.

Tafuta mahali palipoinuka kidogo lakini si kileleni. Chini kabisa kunakusanya maji na baridi, juu kabisa upepo utakupigia tenti makofi usiku wote. Mlango wa tenti uupe upepo mgongo.

Angalia juu pia. Mti mkubwa wenye matawi makavu si kivuli, ni hatari inayongoja upepo.

Ukiwa kando ya ziwa, angalia chini kama kuna njia iliyokanyagwa kutoka majini. Kiboko hutoka usiku kula nyasi, na anapenda njia yake ile ile. Lala ndani ya uzio wa kempu, si kwa njia ya mwenye tani zaidi ya moja. Chakula nacho kisilale ndani ya tenti na wewe. Mchana nyani, usiku wengine.

Na uliza nani analinda usiku. Sisi vijana tunaona aibu kuuliza hili. Uliza, hasa kama kwenye mbogi kuna wasichana. Kempu isiyo na jibu la haraka la hilo swali, achana nayo.

Sasa wapi? Nitawapa mbili ambazo unafika bila gari.

Kilimambogo, ama Ol Donyo Sabuk. Unatoka mtaani hadi Thika Road, matatu ya Thika, halafu nyingine ya kwenda Donyo, kisha boda ama miguu hadi geti. Ni mbuga ndogo, kama kilomita 20 za mraba tu, imekuwa mbuga tangu 1967. Lakini nyati wamejaa, kwa hivyo usipande kwa miguu bila renja, hapo hakuna ujanja. Hii ndiyo nzuri kwa mara ya kwanza, ju ukiona mambo ni magumu, nyumbani si mbali.

Hell's Gate. Nyamakima unapanda gari ya Naivasha, kisha matatu ya barabara ya kusini ya ziwa, unashuka kwa makutano ya geti la Elsa. Baiskeli za kukodi ziko hapo. Ni moja ya mbuga chache Kenya unazoruhusiwa kutembea na kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na twiga. Mbuga ina kempu zake, na nje ya geti kando ya ziwa kuna nyingine za watu binafsi. Ukilala ndani ya mbuga, uliza mapema kuhusu maji.

Zote mbili ni za KWS, kwa hivyo unalipa kupitia eCitizen kabla ya kufika. Pesa taslimu getini sahau. Beba kitambulisho ndio ulipe bei ya mwananchi. Na tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya mbuga, pamoja na chupa za maji za dukani. Beba chupa ya kujaza tena.

Hapo kwa plastiki nataka nisimame kidogo. Nimeona watu wa trela za bei wakiacha mfuko wa takataka umefungwa vizuri kando ya mti, kana kwamba kuna mtu atakuja kuuchukua. Najua takataka za Nairobi huishia wapi. Zinaishia hapa kwetu. Dampo la Dandora lilitangazwa kuwa limejaa mwaka wa 2001, na malori hayajaacha kuingia hadi leo. Sisi ndio tunajua kwamba hakuna mahali panapoitwa "kutupa." Kuna kwa mtu mwingine tu. Kwa hivyo ukienda kempu na ukitoka Dandora, rudi na kila karatasi uliyoenda nayo. Tusiwafanyie watu wa Donyo kile ambacho jiji linatufanyia.

Mwisho, niongee na mbogi yangu, wale watano waliotoka kwa ile safari. Nimewarukia watu wa video, lakini nyinyi pia mna kesi. Hamkukosa trela. Mlipata kisingizio chenye magurudumu. Ni rahisi kusema "tukiomoka tutaenda" ju hiyo siku haina tarehe. Mnasema mnaogopa kuaibika na tenti ya mitumba, na viatu mlivyovaa ni vya mitumba, jaketi ni ya mitumba, na hamjawahi kuona aibu nazo kwa picha. Aibu mliyo nayo si ya tenti. Ni ya kuonekana mahali mlipoambiwa si penu.

Ni penu. Geti linalipiwa na kitambulisho kile kile cha mtu wa Karen na cha mtu wa Phase 3. Kiboko hajui umekuja na nini.

Tuko watatu. Tunaenda Kilimambogo Jumamosi ya mwisho wa mwezi, matatu ya saa kumi na mbili asubuhi. Tenti ni mbili, zimemwagiwa maji juu ya ghorofa na hazikuvuja. Katoni ziko. Vigingi viko. Mathe amesema atapika chapati ishirini, na ameuliza, kwa ile sauti yake ya kujifanya hajali, kama kule juu mtu anaweza kuona Dandora.

Nimemwambia nitaangalia halafu nimpigie simu nikiwa huko.

Kuna nafasi tatu kwa tenti ya pili. Leta soksi kavu.